Sola na Ungo wa Dagaa

Gari langu ni otomatiki, kwa hiyo hata kulisukuma liwake haiwezekani. Betri ikilala, nami nimelala. Juni nzima nimegonga mlango wa jirani alfajiri, nyaya za kubusti mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mara ya nne alifungua dirisha tu. "Tena?" akasema, akafunga.

Betri siilaumu sana. Kwa bei hii ya mafuta gari linakaa uani siku nyingi, na alamu inalinyonya usiku na mchana kama kupe. Nikaona dawa ni sola ya kubeba: paneli ya wati 50, kidhibiti chaji na vibanio viwili vya kuuma teminali. Jua la Dar halina luku.

Muuzaji wa Kariakoo aliniapia: "Saa mbili tu, imejaa." Nilimwamini kwa sababu alivaa miwani. Hesabu nimepiga baadaye, hela ikiwa imeshakwenda. Wati 50, jua likiwa la utosini, zinatoa ampea tatu hivi. Betri yangu ni ya ampea-saa 60 na ilikuwa imebaki nusu. Hapo ni saa kumi za jua kali, yaani siku mbili, na wingu lisikatize.

Video moja mtandaoni ilisema paneli ielekee kusini, nikaielekeza kusini. Fundi wa mtaani alipofika alicheka mpaka akashika boneti. "Mzee, huyo wa video yuko Ulaya! Sisi tuko chini ya ikweta, na mwezi huu jua liko kaskazini." Kisha akakuta nimeunga paneli kabla ya betri. Betri kwanza, akasema, ili kidhibiti kijue kinalisha volti 12 au 24. Paneli baadaye, na wakati wa kuchomoa paneli ndiyo itangulie. Elfu kumi ikaenda kwa sentensi mbili.

Kesho yake nikaiweka paneli juu ya paa la gari, ikitazama kaskazini kama inavyotakiwa. Kipimo kilisoma volti 12.1. Nikapanda daladala kwenda kazini, nimesimama kwa mguu mmoja, nikijifariji kwamba huko nyumbani ampea zinaingia. Jioni nikapima: 12.1. Nikakipiga kidhibiti kofi, kama tulivyokuwa tukiipiga redio ya baba. 12.1.

Jumamosi nikashinda nyumbani, nimejibanza nyuma ya pazia. Saa nne kamili mama mkwe akatoka na ungo wa dagaa, akautua katikati ya paneli, akawatandaza mmoja mmoja. Na kwa kweli, pahala pazuri: pana joto, na kuku hawafiki.

Nikatoka, nikamweleza kwa adabu zote. Kwamba seli za paneli zimeungwa mfululizo kama shanga za uzi mmoja, kwamba ukifunika chache tu umeme wa paneli nzima unanywea. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anafukuza nzi kwa upindo wa kanga.

"Nimekuelewa, baba," akasema. "Ila hiyo meza yako iinue kidogo upande huu. Wa chini hawakauki."