Wati 60 na Ukuta wa Jirani

Anayenunua gitaa la umeme ananunua nusu ya chombo. Nusu ya pili ni amplifaya, na muuzaji haitaji mpaka umeshalipa. Gitaa la kawaida lina tumbo, hata ukilipiga gizani nyumba nzima itajua. La umeme ni ubao uliochongwa vizuri, wenye sumaku chini ya nyuzi, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, na tundu la kuchomeka jeki. Bila amplifaya linasikika na viumbe wawili tu, mpigaji na mbu.

Mimi ni mpangaji Magomeni, chumba na sebule, katika nyumba ambayo kuta za ndani zimejengwa kwa heshima lakini hazikufika kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, pole inakujia kutoka chumba cha nne. Nilichotaka ni amplifaya ndogo, ya bei ya mtu wa mshahara, ya kujifunzia sebene jioni nikitoka kazini. Jambo dogo kabisa, kama nisingekuwa na shemeji.

Shemeji yangu hupiga besi kanisani, na kwa sababu hiyo ukoo umemkabidhi masuala yote yenye waya, friji zikiwemo. Imani yake katika muziki ni moja: wati. “Wati kumi ni za kuchezea watoto,” aliniambia. “Kwanza unanunua ya nini, shemeji? Nyumba hii haina sabufa?”

Sabufa ilikuwepo, ya dada wa chumba cha mbele, naye akaiazima kwa moyo mkunjufu. Boksi lake lilikuwa bado lipo, limeandikwa maelfu ya wati, na pembeni herufi nne: PMPO. Wasomaji wote wenye sabufa wanazo herufi hizo nyumbani. Ni wati za mbwembwe, zile ambazo spika ingezitoa kwa kufumba na kufumbua kabla haijakata roho. Wati za kweli, zinazotoka mfululizo, huandikwa RMS, na mara nyingi haziandikwi kabisa. Isitoshe, sabufa imezoea kupokea sauti iliyokwisha kushiba kutoka kwenye simu au televisheni. Gitaa linatuma kaumeme kadogo sana, kanakohitaji tundu la kukapokea taratibu na kukakuza kabla ya kufika kwenye spika. Ukikasukumia kwenye sabufa, sauti za juu zinafia njiani. Nyuzi nyembamba sikuzisikia. Uzi wa sita ulipita chini ya mlango ukaenda kucheza na masufuria ya jirani.

Shemeji alikuwa bado anasifia “uzito wa sauti” wakati bibi anayeishi ndani ya sabufa alipotangaza kwa Kiingereza kwamba Bluetooth imeunganishwa. Haikuunganishwa na sisi. Ilikuwa simu ya kijana wa uani, na kilichofuata ni singeli kwa kasi yake yote. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika akidhani ni mimi nimeanza kuelewa.

Wiki iliyofuata alikuja na zawadi. Amplifaya ya wati 60, mtumba kutoka Japani, nyeusi, yenye magurudumu. Kitu chenye magurudumu hakijatengenezwa kwa ajili ya sebule, lakini zawadi ya shemeji hairudishwi mlangoni. Nikaigeuza nyuma kabla ya kuichomeka popote, na pale mgongoni pana kibao kidogo ambacho watu hawasomi: 100V. Hizo ni volti za Japani. Soketi zetu zinatoa 230.

“Tofauti si kubwa,” alisema shemeji.

Tofauti hiyo ni fyuzi, halafu transfoma ya ndani, halafu harufu. Ikabidi itafutwe transfoma ya kushushia umeme kwa fundi redio. Ilikuja kwa bodaboda, na mwenye bodaboda akadai nauli ya abiria wawili. Nayo ilikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo, zile ambazo soketi zetu hazikubali mpaka uchomeke kalamu kwenye tundu la juu. Kila mtaa una bingwa wa kalamu, na wa kwetu ni shemeji. Usifanye hivyo, msomaji. Ukiingiza umeme kwa kalamu umeuacha nje waya wa athi, na waya huo ndio unaokaa kati yako na vyuma vya gitaa. Niligusa nyuzi nikatekenywa mpaka kwenye kiwiko.

Tukawasha. Ikanguruma kabla sijapiga kitu: mmmmm. Huo ni umeme wenyewe, mitetemo 50 kwa sekunde pamoja na watoto wake, na gitaa langu lenye sumaku za koili moja moja huudaka hewani. Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni sumaku ya koili mbili zinazokinzana, mvumo wa moja ukafuta wa nyingine. Gitaa langu la bei nafuu halikupata habari hizo.

Likaja na la pili. Mama mwenye nyumba anatumia kitochi. Simu za namna ile hurusha mawimbi yake vipande vipande, na amplifaya iliyo karibu huyadaka na kuyatoa kwenye spika kwa mlio wa ti-ti-ti, ti-ti-ti, muda mfupi kabla simu haijaita. Alikuwa amesimama mlangoni kuuliza kelele ni za nini.

“Mama, pokea simu,” nikamwambia.

“Simu gani, mwanangu? Mbona haiiti?”

Ikaita. Aliitazama, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa uangalifu wa mtu aliyegundua amempangisha mganga.

Sasa tufike kwenye sauti yenyewe. Kifundo kina namba kuanzia 0 hadi 10. Kwenye 0 kimya. Kwenye 1 mtoto wa chumba cha tatu aliamka. Maisha yangu yote ya muziki yalitakiwa yafanyike kati ya 0 na 1, kwenye nafasi nyembamba ambayo kidole kikitetemeka tu umewapigia mtaa mzima. Wauzaji hawakuelezi hili kwa sababu wanahesabu wati, na sikio halihesabu hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili, kutoka wati 10 hadi 20, umeongeza desibeli 3, kiasi ambacho mpigaji hakioni kuwa ni kitu. Ili sauti isikike mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke takriban mara kumi. Kwa hiyo zile wati 60 masikioni zinazidi wati 6 mara mbili tu. Kwa bei, uzito na ugomvi zinazidi zaidi ya hapo. Na mtu asikudanganye kwamba wati tano za vali ni chache. Amplifaya za vali za wati 5, mfano wa Fender Champ, zinapendeza zikikamuliwa, na ukizikamua ndani ya nyumba isiyo na dari utahama kabla ya mwisho wa mwezi.

Wapangaji wakaita kikao. Hoja haikuwa kelele, kama nilivyotarajia. Ilikuwa LUKU. Mita yetu ni moja, tunachanga, na mtu mmoja alikuwa ameona yuniti zinakimbia tangu lile sanduku liingie. Nikaomba karatasi. Chombo kinachokula wati 20 kinakaa saa 50 ndipo kimalize yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Hata sanduku la shemeji likila mara nne ya hapo, pamoja na transfoma, halifikii pasi. Hesabu ilikuwa safi, lakini ilimwelekezea kidole dada wa chumba cha mbele, anayepiga pasi sare za watu kwa malipo, na ndiye aliyekuwa ametuazima sabufa. Kikao kikaahirishwa kwa lugha ambayo haiandikiki gazetini. Mimi nikaongezewa elfu tano.

Mtu pekee ambaye hakulalamikia kelele wala umeme ni mzee wa chumba cha pili. Ujana wake aliumalizia kwenye kumbi za dansi. Anaifahamu bendi ya Mlimani Park tangu ilipoanza mwaka 1978, kabla haijawa Sikinde, na ana msimamo kuhusu kila gitaa la solo lililowahi kupigwa Dar es Salaam. Jioni moja, katikati ya mazoezi, ukuta ukasema:

“Kijana! Hapo unapopanda, unapanda mapema. Rudia.”

“Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu.”

“Marahaba. Usumbufu ni huko kukosea. Rudia.”

Nilirudia mpaka akaridhika, na haikuwa mapema. Alipojua amplifaya imetoka Japani alifurahi sana, akanikumbusha kwamba Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Expo. Kwa hesabu zake amplifaya hii huenda iliwasikia, na imekuja Magomeni kuteseka.

Hatimaye nilikwenda Kariakoo bila shemeji. Niliaga kuwa naenda msibani, kwa sababu ndiyo safari pekee ambayo haulizwi wati ngapi.

Duka la vyombo vya muziki lina desturi yake. Ukigusa amplifaya ndogo, kijana wa dukani anaiwasha, anapeleka kifundo cha geini mpaka mwisho, na kukupigia roki ya kupasua. “Sikia hiyo, bosi wangu!” Kweli inapasua. Ila mpiga rumba na sebene hana kazi na kupasua. Anahitaji sauti safi, inayong’aa, noti moja moja itoke imenyooka, na mwangwi kidogo nyuma yake. Amplifaya nyingi ndogo zimetengenezwa kwa kumfikiria kijana wa roki chumbani kwake Uingereza au Marekani. Geini huzifichia umaskini. Iondoe, na zingine zinabaki na sauti ya kikopo. Kwa hiyo nilikwenda na gitaa langu mwenyewe, nikashusha geini yote, nikashusha na sauti mpaka kijana akauliza kama imezimika. Ikisikika vizuri hapo, itasikika vizuri nyumbani. Ikiwa inapendeza kwa sauti kubwa tu, muachie mwenye ukumbi.

Fender Frontman 10G ilikuwepo, wati 10, spika ya inchi 6, ina tundu la hedifoni na la kuingizia wimbo kutoka kwenye simu. Ningeichukua, ila bila umeme wa ukutani haifanyi kazi, na umeme wa ukutani nyumbani kwetu una ratiba zake. Blackstar Fly 3 inaingia kwenye mkoba wa kazini, wati 3 na spika ya inchi 3, inatumia betri sita za AA. Niliipenda umbo, mwili wa sauti ukanipungukia. Kuna na kile kidude cha Vox kiitwacho amPlug, kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe na kutoa sauti kwenye hedifoni tu, ambacho mwenye bajeti finyu asikidharau. Mimi nilimalizia kwa Roland Micro Cube iliyotumika. Spika ni ya inchi 5, nayo pia hutumia betri sita za AA, na kwenye kifundo chake kimojawapo kuna sauti inayoiga Jazz Chorus, ile amplifaya kubwa ya Roland ya mwaka 1975 inayosifika kwa usafi wa sauti. Nilisoma adapta yake kabla ya kutoa hela. Nikanunua na waya mfupi wenye ngao nzuri, maana waya mrefu wa bei poa unafanya kazi ya antena, na vituo vya redio tayari tunavyo.

Hedifoni nazo zina mikasa yake. Ukichomeka, spika inanyamaza, nawe peke yako uko ukumbini. Mama mwenye nyumba aliingia uani akaniona kupitia dirishani, nimefumba macho, natikisa kichwa, mguu unapiga sakafu, na hakuna sauti yoyote. Halafu umeme ukakatika, nyumba nzima ikaingia gizani, na mimi nikaendelea, kwa kuwa betri haikatiki. Asubuhi alimuuliza mke wangu kwa upole kama nimeanza kutumia dawa, au nimeacha.

Mzee wa chumba cha pili ndiye aliyenigombeza kabisa. Alikaa jioni nzima akisubiri nikosee, hakusikia kitu, akaja kugonga mlango kujua kama naumwa. Ilibidi tupatane. Siku za kazi navaa hedifoni, Jumamosi baada ya swala ya Alasiri nafungua spika, kifundo nusu, naye analeta kiti chake kwenye korido. Dada wa chumba cha mbele anapiga pasi akisikiliza, na yuniti hatuzitaji.

Ile ya wati 60 iko sebuleni, imebeba televisheni. Shemeji ameridhia iuzwe, kwa sharti kwamba nisimwambie mnunuzi kuwa haikutosha. Ni nzima, na katika nyumba yangu haijawahi kufika namba 2. Mwenye ukumbi, bendi au shamba lisilo na jirani aje tuelewane bei. Transfoma atapewa bure, na plagi yake nimeshaibadilisha kuwa ya pini tatu.