Jinsi ya Kumwita Mtu Yakhe Mbweni na Bado Ukakaribishwa Kahawa

Umehamia Mbweni, Unguja, na Kiswahili chako ni sanifu kabisa. Hongera. Kiunguja ndicho kilichoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa sanifu hiyo, kwa hiyo waweza kudhani umefika nyumbani. Kaa barazani jioni moja tu, utasikia neno usilofundishwa darasani: yakhe.

Anza na koo. Hiyo kh itoke kooni hasa, maana ukisema "yake" utaulizwa, "Yake nani?" Asili ni Kiarabu, ya akhi, yaani ewe ndugu yangu. Wito umo humo humo.

Kisha mtazame unayemwita. Wa rika lako, mnayecheza naye dhumna, huyo ndiye. "Yakhe, hebu sogea." "Yakhe, pweza huyu bei gani?" Lakini mzee wa kanzu na bakora usimguse nalo: mpe shikamoo, umwite mzee au maalimu. Mkweo ndiyo kabisa. Mwite yakhe, na posa itajadiliwa upya. Afisa mwenye faili lako naye ni bwana mpaka muhuri ugongwe. Na zaidi hili ni neno la wanaume. Wanawake wana shoga na mwaya zao, tamu vilevile.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni kina yakhe. Hapo humwiti mtu, unawataja watu wa kawaida, wasio na cheo wala mjomba ofisini: "Mchele umepanda, kina yakhe tutakula nini?" Neno la undugu limegeuka jina la umma mzima, na hata magazeti ya bara yamelichukua. Lilinde. Usilitumie kumdharau mtu.

Wala usione haya kwa ugeni wako. Mwaka 1871 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba hapa Mbweni, wakawaweka watu waliookolewa utumwani. Walitoka pembe nyingi za bara, kila mmoja na lugha yake, wakakutana katika Kiswahili. Wageni wa lugha ni wenyeji wa zamani hapa.

Ukiwa na shaka, subiri uitwe kwanza. Siku muuza kahawa atakapokuuliza, "Yakhe, nikuongeze?" nyosha kikombe umjibu, "Tia, yakhe," na umlipie na wa pembeni yako.