Bega Ndani

Jirani yangu hapa Ngagara, Bujumbura, alinikuta saa kumi na mbili asubuhi nikitembea upandeupande kando ya ukuta wake, kifua kimeelekea barabarani, mguu wa kushoto ukipita mbele ya wa kulia. Akaweka ndoo chini.

"Papa Aline," akasema, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa, "mlango wako ni ule wa pili."

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa farasi.

Siku zile nilikuwa saisi kwenye banda moja upande wa ziwa: kuzoa mavi, kubeba maji, kupiga brashi. Kwetu mnyama wa heshima ni ng'ombe, na mbung'o naye hakuwahi kumwonea farasi huruma katika sehemu hizi, kwa hiyo watoto wengi wa mtaani kwangu farasi wamemwona kwenye sinema tu. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anasafiri miezi mitatu. Akaniachia Malkia, farasi jike mzee mwenye dharau, pamoja na kitabu cha Kifaransa na agizo moja: nimfundishe bega ndani.

Bega ndani ni somo la Mfaransa Robichon de la Guérinière, aliyelieleza katika kitabu chake cha 1733. Farasi anakwenda kando ya ukuta, ila mabega yake yanaingizwa ndani kidogo, hata mguu wa mbele wa nje ukawa mstari mmoja na wa nyuma wa ndani. Miguu minne, njia tatu. Usiumize kichwa: umewahi kuziona zile Probox zilizopinda chesisi, pua inaelekea Kamenge huku matako yakidai Buyenzi, na abiria tisa ndani hawana habari? Basi ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Guérinière aliifanya makusudi, ili mgongo ulainike na mguu wa nyuma ujifunze kubeba mzigo.

Wiki mbili nilivuta hatamu ya ndani. Malkia alipinda shingo vizuri sana, akanitazama goti, kisha mwili wote ukaendelea moja kwa moja kama lori la saruji. Kitabu kilishaonya: anayevuta ndani anapata shingo tu. Bega huzuiwa na hatamu ya nje, na mguu wa ndani ndio unaoomba, karibu na mkanda wa tandiko. Farasi akikubali hatua moja, unaacha kubana papo hapo. Kule kuacha ndiyo shukrani yake. Mimi nilikuwa nabana bila kuacha, kama mdai wa kodi, tena nimeinama upande mzima mzima. Ndiyo maana nikaanza kujifundisha ukutani kwa jirani.

Wiki ya tano akakubali. Nilisikia mgongo wake unainuka chini yangu, kwato zikashuka polepole, kwa zamu, nikajiona bwana mkubwa. Jumamosi nikamtoa matembezi ya ufukweni.

Jumamosi Bujumbura ni harusi. Msafara ukaja nyuma yetu na honi zake zote, nikashtuka, mguu wa kushoto ukabana. Kwa Malkia lile halikuwa shtuko, lilikuwa agizo. Akapinda, akavuka miguu, akaanza kuteleza kulia, kwa adabu, njia tatu kamili, kuelekea maharusi waliokuwa wanapigwa picha. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyobana, na kadiri nilivyobana ndivyo alivyotii. Wasimamizi wakaingia ziwani na viatu vyao. Mpiga picha hakuacha kupiga. Mwishowe pumzi zikaniishia, mguu ukalegea, Malkia naye akasimama tuli kati ya bibi harusi na mama mkwe.

Jumatatu jirani alinisubiri mlangoni, simu mkononi, video imeshafika Ngagara.

"Papa Aline, na huyu naye," akauliza, "mlango wake ni upi?"