Madeni Yaliyofungiwa Mlango

Ndugu yangu uliyeoa, vuta kiti. Hapa Salamabila mchimbaji anabeba mchele leo, analipa siku dhahabu itakapoonekana. Kwa hiyo duka la mke wangu, ambaye tunamwita Benki Kuu, nguvu yake ni orodha ya madeni. Aliandika yote kwenye kaye, kwa biki, mpaka mdogo wake aliporudi kutoka Bukavu na ordinatere. Huyo tunamwita Waziri wa Elektroniki: miwani anayo, mshahara hana.

Waziri akayaingiza madeni kwenye programu ya hesabu aliyopewa na rafiki. Kumbe ya majaribio. Muda ulipokwisha ikafunga mlango, ikadai dola, tena kwa kadi ya benki. Kadi ya benki, Salamabila! Akalifungua faili kwa programu nyingine: vijisanduku na alama za kuuliza, kama kuku aliyekanyaga wino.

Mama mkwe, mzaliwa wa Kasongo, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye hesabu za likelemba anaziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, alivyofundishwa na baba yake. Na akianza Kasongo hamalizi bila Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa herufi hizo hizo. Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kilatini mwaka 1902 na 1903. "Huyo Mjerumani alidaiwa dola ngapi ndipo yafunguke?" Waziri akatazama dari.

Benki Kuu hakubishana. Akatoa kaye yake kutoka ndani ya gunia la mchele, alikoificha tangu Waziri aliposhuka kwenye pikipiki. Akaamuru: maandishi matupu, kila deni mstari wake, koma katikati, lisomeke hata kwenye simu ya mtoto. "Hiyo ipo, dada," Waziri akanung'unika, "inaitwa CSV."

Usidhani yaliishia hapo. Sisi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa, kilo mbili na nusu tunaandika 2,5. Mashine ikaikata papo hapo: mteja akabaki na kilo 2, bei franga 5. Siku hiyo sombe iliungua, na mimi ndiye niliyelaumiwa. Waziri akahamia nukta-mkato. Kisha jirani Thérèse akajiona ThÃ©rÃ¨se, akauliza nani amembatiza upya bila padri. Faili liliandikwa kwa UTF-8, likasomwa kwa mpangilio mwingine. Waziri akachagua UTF-8 pande zote, jirani akarudishiwa jina lake, pamoja na deni la sabuni.

Sasa faili linafunguka kila mahali. Juzi, wageni wamekaa, binti yetu akalifungua kwenye simu yake, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Baba, makayabo, haijalipwa. Baba, sigara, haijalipwa. Baba…"

Mama mkwe akamwambia aendelee.