Namna ya Kuua Trekta Ambalo Halijafa

Kwanza trekta likwame, na kulikwamisha hakuhitaji ufundi. Liegeshe nje mvua ikikaribia, kisha ondoa lile kopo lililofunika bomba la eksozi, maana mama mdogo anatafuta cha kupimia maharage. Mengine iachie mvua. Injini ya silinda tatu ikizimwa, karibu kila mara kuna valvu ya eksozi iliyobaki wazi, na maji huteremka humo kama mgeni aliyepiga hodi na kuambiwa karibu. Ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu, nawe huna habari hadi siku ya kulima.

Letu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins, toleo lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964 na kuachwa 1975. Lina umri wa babu na ukaidi wa babu. Tulipopiga stata ilisema "ka!" mara moja, ikanyamaza. Papo hapo uwanja ukajaa mafundi. Siku nyingine zote sijui hukaa wapi.

Ukitaka kumaliza kazi leo leo, wasikilize hao. Azima trekta la jirani, funga mnyororo, tia gia, uvutwe. Magurudumu ya nyuma yatagoma kuzunguka, yataburuzwa yakichimba mitaro, na huo ndio wasaa wa kumpigia jirani kelele aongeze mafuta. Kitakachosalimu amri si kutu. Ni koneti rodi, itakayopinda kama ndizi.

Au mimina kitu. Kijana mmoja alipendekeza soda nyeusi kwa kuwa hung'arisha sarafu. Kweli hung'arisha, ina asidi ya fosforasi, lakini sukari yake itakuachia gundi mahali palipokuwa na kutu. Oili ya gia otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, inayopitishwa kwenye matundu ya nozeli, haifai kabisa: inapenya, ila inataka siku nyingi. Hata hivyo ukishaimimina, usiipoteze bure. Rudisha nozeli, kaza, piga stata silinda ikiwa imejaa. Kimiminika hakibanwi kama hewa, kwa hiyo rodi iliyosalimika kwenye mnyororo itapinda hapa.

Lakini raha yenyewe iko kwenye nyundo. Fungua kichwa cha silinda uchague pistoni iliyo juu kabisa, kwa sababu unaifikia bila kuinama, uipige mpaka magharibi. Ikiwa pale juu, rodi imesimama wima juu ya krenki; nguvu zako zote zinashuka kwenye beringi na hakuna kinachozunguka. Ni sawa na kumwendesha punda kwa kumkandamiza mgongo. Wavivu huchagua pistoni iliyo katikati ya safari. Tena huanza kwa kukwangua kwa msasa kutu iliyo juu ya kila pistoni, maana moja ikishuka nyingine lazima ipande, na haitapanda juu ya magamba. Halafu wanachonga gogo la mninga liingie kwenye tundu, wanagonga mara chache, wanaongeza oili, wanakwenda kula. Mtu na akili zake! Wewe piga alumini kwa chuma kitupu. Itatoboka, na kupitia tundu hilo utaiona krenki bila kuteseka kufungua sampo.

Nakiri kwa aibu kwamba sisi hatukufika huko. Jirani hakuwa na dizeli, nyundo kubwa ilikuwa imeazimwa na mtu wa kijiji cha pili, na soda wenye kiu waliimaliza. Ikabidi tungoje na oili yetu na gogo letu kama watu wasio na shughuli. Siku ya tisa flaiwili ilisogea upana wa ukucha. Tukairudisha, ikasogea vidole viwili. Nenda, rudi, nenda, rudi, oili kidogo, mpaka baba mdogo akaketi chini na kuvua kofia.

Mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya Mlima Hanang. Nikakimbia jikoni kuomba kopo.

Lilikuwa na maharage.