Jogoo Hana Kadi ya Chama

Sisi tunaototolesha vifaranga nyumbani kwa mashine za kujiundia ni watu wa ajabu kidogo. Mtu mzima, mwenye kazi na familia yake, anachukua friji bovu, anaung'oa mtambo wake, anafunga ndani balbu mbili, feni iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu, karai la maji na kidhibiti joto kidogo cha Kichina kiitwacho W1209. Kisha anabeba kigoda na kukaa mbele ya friji hilo kutazama tarakimu nyekundu, huku mkewe akimtazama yeye. Tarakimu anazozitaka ni 37.5. Zikipanda hadi 40 na kung'ang'ania hapo, viinitete vinakufa. Zikishuka, vifaranga wanachelewa. Unyevu uwe kama asilimia 50 hadi 55, mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku. Siku ya 18 unaacha kuyageuza, unaongeza maji hadi unyevu ufike 65 au 70, unafunga mlango na kuisubiri siku ya 21 kwa dua.

Mambo haya hayauzwi duka la pembejeo. Yako vichwani mwa watu waliokwisha kuunguza mayai yao, na watu hao unawapata kwenye kundi la WhatsApp. Kundi letu lina watu wa Morogoro, Tanga, Mbeya na Singida, Wakenya wachache wa Kajiado na Machakos, na Mtanzania mmoja aliyeko Muscat ambaye hana kuku hata mmoja ila ana maoni. Maelezo ya kundi yameandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa: VIFARANGA TU. Mpaka leo sijaona mada ya kuku iliyoshindwa kufika Ikulu kwa hatua tatu. Ikulu ipi, ya Dodoma au ya Nairobi, inategemea nani amewahi kuamka.

Chukua mfano wa Machi 2021. Mama mmoja wa Machakos aliuliza swali la maana kabisa: mahindi yaliyoota ukungu, ukiyapepeta na kuyaanika vizuri, yanafaa kwa kuku? Jibu la kitaalamu ni fupi. Hayafai, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kuanika wala kwa kupika, inaharibu ini la kuku na kushusha utagaji. Kwa bahati mbaya huo ndio mwezi ambao Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu. Swali la mama wa watu likapokewa kama tamko la serikali. Mtu wa Mbeya akamwambia mahindi yetu mnayala tangu uhuru na hamjafa. Mtu wa Kajiado akajibu kwamba wengine wamekufa, ila nyinyi hamhesabu. Wa Muscat akatuma sauti ya dakika tisa kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977, na nani alibaki na ndege. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti. La kwetu halikuondolewa. Rais Samia alikwenda Nairobi mwezi Mei, nchi mbili zikapatana mbele ya kamera, na sisi bado tulikuwa kwenye ndege. Mama wa Machakos aliandika "asanteni sana", kwa adabu zake, na mahindi yale akawalisha kuku wake.

Vifaranga 6,400 hatuwagusi kabisa. Ni wale waliotoka Kenya, wakakamatwa mpakani Namanga Oktoba 2017 na kuteketezwa kwa moto, kwa maelezo kwamba ni kuzuia mafua ya ndege. Kila mwanakundi ana lake la kusema kuhusu moto ule, na kila mmoja amewahi kulisema saa sita usiku. Mfugaji mmoja mkubwa alipotangaza kwamba anatafuta mashine ya mayai 6,400, tulimfuata inboksi tukamshauri aandike 6,500.

Na kuku mwenyewe hatusaidii. Mkenya mmoja alituma picha ya jogoo wake kalala, mguu mmoja kaunyoosha mbele na mwingine nyuma. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Marek ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mifugo anaitambua. Wenzake wakamvamia: huyo mbona anaumwa tangu 2002? Kwa msomaji asiyefuatilia mambo ya jirani, jogoo ndiyo alama ya KANU, chama kilichotawala Kenya tangu uhuru hadi kiliposhindwa uchaguzi wa Desemba 2002. Basi zikafuata rambirambi, zikafuata stika za majeneza, akatokea na mmoja aliyeudhika kweli kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mwenyekiti wa tawi. Katikati ya msiba huo mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, mwanamke mpole ambaye sijawahi kuona stika yake, aliandika mstari mmoja: chanjo ya Marek hutolewa siku ile ile kifaranga anapototolewa, huyo haponi, mtenge. Hakuna aliyemjibu. Mwenye jogoo alikuwa anabishana kuhusu katiba.

Wakati ule neno mabeberu, kwa maana ya mabepari wa nje, lilipokuwa kila kona ya nchi, mfugaji wa Singida alitangaza kuuza beberu wawili wenye afya, bei maelewano. Wote waliomjibu walizungumzia makinikia ya dhahabu.

Nisieleweke vibaya. Siombi watu wasiwe na siasa. Bei ya pumba ni siasa, ushuru wa mipakani ni siasa, na umeme, kwa mtu mwenye mayai ndani ya friji, ni siasa tupu. Ninachokilalamikia ni foleni. Mtu anayeuliza habari ya yai ana saa inayomkimbiza, na anayetaka kuikomboa nchi hana haraka yoyote, tangu 1961 yupo tu. Kwa nini lazima apite mbele?

Umeme ulikatika mayai yangu yakiwa siku ya 19. Ilikuwa mwishoni mwa 2023, kile kipindi cha mgawo, saa mbili usiku, Kihonda yote hapa Morogoro giza. Niliandika nikijaribu kuwa mtaalamu: "Wakuu, umeme umekatika. Mayai siku ya 19, mashine ya friji, trei mbili. Kipimajoto kimefika 35 na kinashuka. Nifungue au nifunge? Nifanyeje?"

Jibu la kwanza lilikuja upesi sana, nikafarijika kabla sijalisoma. "Pole mkuu. Ndiyo nchi mliyoichagua."

La pili: "Vuta subira, bwawa likianza haya yote historia."

La tatu: "Bwawa la nani?"

Hapo ndipo nilipopoteza mayai yangu kama mada. Kwa maana Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na zinatosha kugombaniwa na kundi la watu wowote. Kuna waliosema ni la Mwalimu, aliyeliota miongo mingi iliyopita. Kuna waliosema ndoto haizalishi umeme, ni la Magufuli, aliyeweka jiwe la msingi Julai 2019. Kuna waliosema jiwe la msingi nalo halizalishi umeme, ni la Mama Samia, anayelimalizia. Kila mmoja alikuwa na Rais wake na kila Rais alipewa mitambo yake. Mimi nilipiga hesabu gizani. Balbu zangu mbili ni wati 80. Megawati 2,115 zingewasha mashine kama yangu zaidi ya milioni 26. Nilikuwa nahitaji moja.

Kipimajoto, 34. Nikaandika tena: "Wakuu, 34." Mtu akajibu: "Asilimia 34 ya nini? Toa chanzo cha takwimu zako."

Mtu wa Muscat akaingia na sauti ya historia. Alianza na mzungu Stiegler, ambaye korongo lile lilipewa jina lake, akatufikisha kwa tembo anayesemekana kumuua mwaka 1907. Ilikuwa sauti nzuri, isiyo na kelele za nyuma, maana kule umeme ulikuwepo. Niliisikiliza yote huku nimekumbatia friji.

Kwenye saa tatu na nusu ukaingia ujumbe wa faragha kutoka kwa yule mwalimu wa Tanga. "Mwanangu, achana nao. Usifungue fungue mlango. Chemsha maji, yatie kwenye chupa, zifunge kanga, zipange chini ya trei, zisiguse mayai. Funika friji blanketi lakini tundu la hewa liache wazi. Yai la siku ya 19 lina joto lake, yule ndani anajipasha mwenyewe. Baridi ya saa chache itamchelewesha tu. Kinachoua haraka ni joto likizidi, kwa hiyo usijitie ushujaa na hayo maji."

Nilimwamkia kwa kuchelewa, akaitikia marahaba. Nikamuuliza mbona hakuandika kundini ili wote wafaidike. Akajibu: "Kule nikiandika 'funga', wataniuliza nimetumwa na nani."

Nilibadilisha chupa usiku kucha, mke wangu akichochea jiko la mkaa na kunipa maoni yake kuhusu bei ya kuku wa sokoni. Umeme ulirudi alfajiri. Vifaranga walichelewa kwa siku nzima, lakini wengi walidonoa ganda na kutoka, wakiwa wamelowa na wenye hasira. Asubuhi ile nilipofungua kundi nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Karibu na mwisho mtu muungwana alikuwa ameuliza, "Hivi yule wa mayai iliishaje?" Chini yake mwingine: "Mayai gani?"

Mtambo wa kwanza wa bwawa ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi, Februari 2024, nilitajwa kundini kwa jina. "Unaona sasa?" Hata kuku wangu wa siku ile walikuwa wamekwisha kuota mbawa.

Nimelifikiria sana jambo hili, hasa nikigeuza mayai, kazi inayoacha kichwa huru. Nadhani siasa hushinda kwa sababu ni rahisi kujibu. Ili umjibu mtu anayeuliza kwa nini vifaranga wake wanafia ndani ya ganda siku ya 20, lazima uwe umewahi kulipasua yai kama hilo, ukatazama, ukaharibikiwa, ukarekebisha tundu la hewa na kujaribu upya. Watu wa namna hiyo kundini hawazidi vidole vya mkono. Lakini ili umjibu anayelalamikia serikali, au anayeitetea, unahitaji bando. Na mjuzi ana aibu ya kukosea, wakati mpiga siasa aliyekosea jana anaamka leo na nguvu mpya.

Admini wetu ni mtumishi wa umma, na tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 analala usingizi mwepesi. Mwaka jana alipiga marufuku siasa. Kwa siku mbili tukaongelea kuhara damu, nikafurahi mno. Siku ya tatu watu wakahamia Simba na Yanga, ambayo ni siasa ileile ila ina matokeo yanayotangazwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo wakagundua kusema kwa mafumbo, na mafumbo ya kundi la kuku ni yapi kama si kuku? Ghafla kila mtu akawa na swali kuhusu banda "la jirani" ambamo vifaranga hawapewi nafasi ya kunywa maji. Mzee mmoja akauliza kwa upole: jogoo akikaa sana bandani, hataki kutoka, na majike wamemchoka, anaondolewaje?

Walioelewa walinyamaza. Lakini kulikuwa na kijana mgeni, ameingia jana yake, anafuga kuku kweli, hajui chochote. Akajibu kwa moyo mweupe na kwa kirefu: "Mzee, huyo mvizie usiku akiwa amelala, mshike miguu yote miwili asipige kelele, mchinje, kisha weka kijana wa miezi minane."

Admini alifuta ujumbe huo kabla haujasomwa na nusu ya kundi, akalifunga kundi lote wiki nzima ili wasimamizi pekee waweze kuandika, na yeye mwenyewe hakuandika kitu. Kijana alinifuata inboksi kuniuliza kama amekosea umri. Nikamwambia hapana, miezi minane ni sawa kabisa.

Jogoo hana kadi ya chama. Hasara ya siasa hizi zote ni kwamba wajuzi wanaondoka kimyakimya. Fundi wetu wa vidhibiti joto, aliyekuwa akikutajia waya ulioachia kwa kutazama picha tu, alitoka siku tuliyobishana kama rangi ya vyombo vya maji alivyonunua, kijani chini na njano juu, ni kampeni. Alijieleza kwamba ndivyo vilivyobaki dukani. Tukamwambia ndivyo wanavyoanzaga. Ikabaki ile alama ndogo ya kijivu kwamba ametoka, na chini yake swali la mtu kuhusu feni ambalo halijajibiwa hadi leo.

Basi msomaji, huenda fundi huyo yuko kwenye kundi lenu sasa, la nyuki, la pikipiki au la sola, ametulia anajibu watu. Mpe salamu zangu. Mwambie kidhibiti changu tangu jana kinaonyesha herufi LLL badala ya joto, nimekagua waya wa kihisi nimeona uko sawa, na mayai yameingia siku ya tano. Aje inboksi. Na mtu wa Muscat asiambiwe.