Nguru, Bushi na Msafara wa Bibi Harusi

Juzi, kwenye sherehe ya kuvunja kamati, walionyesha video ya harusi na mimi nimo. Simo ukumbini nikigonganisha glasi na watu wa heshima. Nimo kabla hata ya kanisa, nimelala chali chini ya mkono wa kijiko katikati ya kichochoro cha Tabata, kaptula imeshuka kuliko inavyofaa kwa baba wa watoto wanne, na matarumbeta yanafuata mapigo ya nyundo yangu. Mhariri wa video, Mungu anamwona, ameweka mwendo wa polepole pale ninapofungua kifurushi cha gazeti na kutoa mkia wa nguru. Ukumbi mzima uliangua kicheko, mchungaji naye. MC akasema, “Jamani, tumwone tena fundi wetu.” Wakarudisha nyuma, tukamwona tena.

Nimechangia harusi ile laki moja na nusu. Niliisoma kadi ya mchango mbele na nyuma, sikuona palipoandikwa kwamba kaptula imo.

Video haielezi chochote, na watu walitoka pale wakiamini kwamba kuna fundi Tabata anatengeneza vijiko kwa samaki. Kwa hiyo nieleze.

Kijiko, ile mashine ya njano inayochimba mitaro, kila kiungo chake kina pini na bushi. Pini ni mhimili wa chuma kigumu. Bushi ni bomba fupi la chuma lililobanwa ndani ya tundu la mkono, na pini inazunguka humo. Bushi imewekwa pale ili ife yenyewe badala ya mkono. Mkono ukilika, umeshakula mamilioni. Bushi ikilika, unaikereza nyingine. Kinachorefusha maisha yake ni grisi, tena grisi ya kila siku asubuhi, kabla mashine haijawashwa. Madereva wa vijiko ninaowajua hupiga grisi siku tajiri anapokuja kukagua. Siku nyingine zote mchanga wa Dar es Salaam unaingia kwenye mabaki ya grisi kuukuu, vinachanganyika, na mchanganyiko huo ni msasa kamili. Unasaga usiku na mchana. Tundu lililokuwa duara linarefuka upande mmoja, baketi inaanza kucheza, mtaro wa bomba unatoka umepinda, na mwenye kijiko anakuja kwangu akisema dereva hajui kazi.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na banda la kuku. Ina mashine ya kukereza ya Kiingereza iliyonizidi umri, niliyoinunua kwa bei ya chuma chakavu kutoka shamba la mkonge, mashine ya kuchomelea, jiwe la kunolea, na jiliwa ambalo ndilo kitu pekee pale nisichokuwa na deni nacho. Mke wangu anapolalamikia kelele humkumbusha kwamba Joseph Cyril Bamford, yule ambaye herufi za jina lake zimeandikwa ubavuni mwa vijiko vya JCB, alianza mwaka 1945 kwenye gereji ndogo ya kukodi huko Uttoxeter, Uingereza, akiwa na mashine ya kuchomelea ya mtumba. Trela lake la kwanza alilitengeneza kwa vyuma vya mabaki ya vita akaliuza pauni 45. Mke wangu huuliza kama huyo Bamford naye alikuwa anatumia friza ya mkewe.

Hilo ni swali zuri, na linatufikisha penye utamu wenyewe.

Bushi lazima iwe kubwa kuliko tundu inamoingia. Watu hunitazama kwa huruma ninapowaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Tundu la mkono ule lilikuwa milimita 60 kamili baada ya kulisafisha. Bushi niliikereza milimita 60.05. Ingekuwa sawa na tundu, ingezunguka pamoja na pini, na siku chache baadaye ungekuwa unakereza bushi nyingine. Sasa kikubwa kitaingiaje ndani ya kidogo? Unaweza kupiga nyundo, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya, nao wanaikwaruza bushi, wanaipinda na kuiita kazi imekwisha. Au unaibembeleza kwa joto.

Chuma kikipata joto kinapanuka. Kila milimita moja ya chuma inaongezeka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana si kitu, lakini piga hesabu. Friza ya nyumbani inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kivulini kwetu ni nyuzi 30. Bushi ikilala humo usiku kucha inashuka nyuzi 48, na kipenyo chake kinapungua milimita 0.035 hivi. Haitoshi. Kwa hiyo unachukua mtungi wa gesi na kuupasha moto mkono wa kijiko kulizunguka lile tundu. Hapa karibu kila mtu hukosea: anadhani chuma kikipanuka kitalijaza tundu na kulibana. Halibanwi, linapanuka. Chuma chote kinakua kwenda nje, na tundu linakua nacho, kana kwamba nalo ni chuma. Nimelifahamu jambo hili miaka mingi, nimelifanya kwa mikono yangu, na bado kila mara nalitazama tundu likipanuka nikiwa na maikromita mkononi na kujisikia mtoto. Ukilipandisha nyuzi 100 linaongezeka milimita 0.07. Jumlisha na ile ya friza, toa ile 0.05 iliyozidi, unabakiwa na nafasi ya milimita 0.055, unene wa unywele mwembamba. Inatosha. Bushi inateleza ndani kwa kidole, bila nyundo, bila matusi. Kisha baridi na moto vinaonana, chuma kinakumbuka vipimo vyake, na kuanzia hapo kuitoa kunataka tani kadhaa za nguvu.

Ila una sekunde tu. Bushi ikisimama katikati, ndipo itakapoishi.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Kijiko hakipiti kwenye geti langu, kwa hiyo nilikifanyia kazi pale kichochoroni, mkono umenyooshwa na kulazwa juu ya magogo, hosi za silinda zimefunguliwa. Barabara kubwa ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, ikaachwa hivyo hivyo, basi kamati ya usafiri iliamua kuupitisha msafara wa bibi harusi kichochoroni kwetu. Mimi nilikuwa kamati ya vinywaji. Kamati ya vinywaji haikuambiwa lolote.

Nililipasha tundu moto mpaka tone la maji likaruka juu yake. Nikavaa glovu za ngozi, nikamtuma mwanangu wa mwisho: “Niletee kile kifurushi cha gazeti kwenye friza, kimbia.” Bushi nilikuwa nimeifunga gazeti kwa sababu ya maana kabisa: unyevu wa frizani ukiganda juu ya chuma, ile barafu inakula nafasi niliyoihangaikia. Mama watoto, naye kwa sababu ya maana kabisa, anauza nguru kwa vipande, na kila kipande hukifunga gazeti. Bushi ile ilikuwa gramu 400 na ushee. Kipande chake cha nguru ni nusu kilo, au ndivyo anavyowaambia wateja. Ndani ya glovu ya ngozi huwezi kuvitofautisha. Nikafungua gazeti mbele ya tundu lenye moto, na mbele ya mpiga video wa harusi aliyekuwa ametangulia msafara kutafuta pa kusimama. Mengine mmeyaona kwenye video, tena mara mbili.

Nikakimbia mwenyewe. Friza ilikuwa na vifurushi vya gazeti mpaka juu. Nilipoipata bushi na kurudi, gari la bibi harusi lilikuwa limeshafika, madereva wanapiga honi, matarumbeta juu ya pikapu yanapuliza, na mtungi wa gesi ulikuwa umeisha. Tundu bado lilikuwa na joto. Nikaiingiza bushi. Ikaenda vizuri, vizuri, mpaka nusu. Ikasema tik.

Nilipiga nyundo, ndiyo. Mnielewe: mtu anayejua kabisa kwamba nyundo haisaidii bado ana mikono, na mikono inataka kufanya kitu. Nilipoteremsha nyundo ya kwanza, mpiga ngoma akaipokea. Ya pili, tarumbeta likaitikia. Nikajaribu kuvunja mapigo ili waachane nami, wakadhani nawapa wimbo mwingine. Kina mama wa sare za kitenge wakashuka kwenye basi wakaanza kucheza. Vigelegele vikapigwa. Nililala chini ya mkono nijifiche, na hapo ndipo ile kaptula ilipoingia kwenye historia ya ukoo wa watu.

Shangazi wa bibi harusi akainama. “Baba, kwani kidude hiki hakirudi nyuma?”

“Shikamoo, shangazi. Hosi zimefunguliwa. Nikikiwasha, oili itatoka kwa presha ya zaidi ya baa 200.”

“Sasa si ndogo hiyo?”

“Ni kama mara mia ya tairi la gari lako, shangazi.”

Akanyooka, akawatangazia wengine kwamba fundi anasema gari lina pancha.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa na akili. Alishuka, akakusanya gauni, akapita chini ya mkono wa kijiko huku mashangazi wameshika shela, akapanda gari jingine upande wa pili. Tone moja la grisi lilidondoka kwenye shela. Moja. Shela lilikuwa la kukodi na nimelilipia.

Walipoondoka wote, kichochoro kikabaki na mimi, kuku, na bushi iliyoshikwa nusu. Na hapa nikafanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, bila shahidi. Nilichukua mashine ya kuchomelea nikapitisha mistari ya rodi ndani ya bushi, kwenye ukuta wake wa ndani, urefu wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kinachounganishwa, unachomelea hewani, mtu asiyejua angesema fundi kachanganyikiwa. Lakini chuma kile kilichoyeyuka kinapopoa kinasinyaa, na kinaivuta bushi nzima ndani pamoja nacho. Ile milimita 0.05 iliyozidi inatoweka, na ziada juu yake. Nikangoja. Nikaigusa kwa kidole. Ikaanguka mchangani. Tani kadhaa za nguvu, zimeondolewa na rodi chache za kuchomelea! Niligeuka nimwonyeshe mtu, nikakuta kuku ananitazama.

Bushi nyingine niliikereza Jumapili, ikaingia kwa kidole. Mwenye kijiko alisema mbona kazi ndogo hivi imechukua muda.

Matukio ya baadaye hayana hadhi hiyo. Jumanne nilikata waya wa umeme wa jiwe la kukatia kwa jiwe hilohilo. Alhamisi mbuzi wa jirani alikula mchoro wa gia niliokuwa nimeuchora usiku kucha. Tanuri nililounda kwa mapipa lilipasuka, mvua ikalizima, hakuna aliyefika kuangalia.

Lililobaki halinitoki moyoni, nalo halina kichekesho. Ni boliti.

Kichwani mwa boliti nzuri kuna namba mbili zenye nukta katikati: 8.8, 10.9, 12.9. Namba ya kwanza, ukiizidisha mara 100, ni nguvu ya kuikata boliti, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo itakayoanza kuirefusha moja kwa moja: 10.9 inakatika kwenye 1,000 na inaanza kunyooka kwenye asilimia 90 ya hiyo. Boliti ya milimita 16 yenye 10.9 inapaswa kubeba tani 16 hivi kabla haijakatika. Nimefurahia siku zote kwamba kitu kidogo namna ile kinabeba ahadi yake kichwani, kwa kila mtu kuisoma.

Boliti nilizonunua kufungia kile kijiko zilikuwa na 10.9 imeandikwa vizuri, mpya, na risiti ninayo. Ya kwanza ilikatika mkononi nikiwa sijafika hata nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Spana iliruka ikampiga kijana wangu wa kazi juu ya jicho. Ana kovu. Ingekuwa sentimita mbili chini, leo ningekuwa nazungumza na wazazi wake. Na kama ingevumilia, ikafungwa, ikaenda kukatikia kazini, chini ya baketi kungekuwa na vibarua ndani ya mtaro.

Mtu fulani, mahali fulani, alichukua chuma laini cha misumari, akakipiga muhuri wa 10.9. Hakukosea. Muhuri unatengenezwa makusudi. Kuna aliyeagiza, kuna aliyeingiza, kuna aliyepanga kwenye rafu, na wote wanaitwa wafanyabiashara. Mimi nikichelewesha kazi kwa sababu ya boliti yao, naitwa fundi mwongo, na kuna nusu ya mji iko tayari kusema mafundi wote ndivyo walivyo.

Nilirudi dukani na tupa mfukoni. Boliti ngumu ya kweli inaisumbua tupa, inalika kwa shida. Chuma laini kinanyolewa tu. Nikamwomba muuzaji boliti moja kwenye boksi lile, nikaiburuzia tupa pale kaunta, mbele ya wateja, unga wa chuma ukamwagika kwenye kioo. Nikamwonyesha. Akaitazama boliti, akaitazama tupa, akavuta kitabu cha risiti.

“Fundi, umeshaikwaruza. Shilingi elfu nne.”